Joto la Sifuri

Khongorzul aliiona saa nane usiku,
ghorofa ya tano, Ulaanbaatar,
dirisha limeota barafu kwa ndani,
chai ya maziwa na chumvi imepoa kando ya kibodi:
kituo namba kumi na saba, Januari,
siku tisa mfululizo, nyuzi sifuri.

Sifuri! Kule ambako kondoo hufa wamesimama.
Sifuri kule ni majani kuchipua,
ni mtu kuvua kofia.

Kipimajoto kilikuwa kimekufa, basi.
Betri imeganda au waya umekatika; hakikusema kitu.
Na mahali fulani ndani ya programu
mstari mmoja, ulioandikwa na mtu mwenye haraka
(namjua, ni mimi), uliagizwa:
ukikuta patupu weka sifuri, tusonge mbele.

Ukasonga.
Hasi thelathini na sita, ukichanganya na sifuri zangu tisa,
wastani ukatoka hasi ishirini na tano na nusu.
Na kanuni ya nyasi ilisema
malori yatoke chini ya hasi thelathini.

Dulmaa alipiga simu mara tatu.
Tukamjibu kwa adabu: mama, kwenu kuna joto.
Alicheka, akakata,
akarudi kuchuna ngozi za waliokufa.

Khongorzul hakunifokea.
Alisogeza kiti, akaanza kufunga milango.
Safuwima ya joto: namba peke yake.
Neno "baridi" halipiti. Kistari hakipiti.
"Sijui" iliyovaa nguo za namba, haipiti.
Na patupu pabaki patupu.

Programu itaanguka, nikamwambia.
Ianguke, akasema.
Afadhali ianguke hapa penye hita,
mbele ya watu wawili wenye chai.

Nikajifunza upya, na umri huu:
tupu ukiijumlisha na ishirini, unabaki na tupu.
Tupu ukiilinganisha na tupu, haziwi sawa,
kwa kuwa aliyenyamaza huyu na aliyenyamaza yule
hawakunyamazia jambo moja.
Asiyekuwepo na lake halipo, husemwa.
Mimi niliamini. Kumbe lake lipo,
ndilo lile pengo,
na nililijaza kwa kuwa lilinitazama.

Alfajiri tukaendesha tena, mwaka mzima, vituo vyote.
Mistari mia nne na kumi na miwili ilianguka, mekundu,
kila mmoja siku niliyoipasha joto
kwa kidole.

Malori yakatoka Machi, theluji imeanza kulegea.

Jina la Dulmaa lingali kwenye rejista.
Simu yake haipokelewi.
Safuwima ya mifugo, mwaka huu:
kishale kinapepesa, kinapepesa.
Mkono wangu unaijua sifuri ilipo, gizani hata.
Nimeuweka mapajani.