Nusu ya Dini

Bi Raya amenishika kidole tena.
Anakizungusha kipete changu cha fedha
kama anayetaka kukifungua kifuniko.
"Haya, leo niambie. Mume yuko wapi?"

Nje ya zahanati, Wete yote imeanikwa:
karafuu majamvini, karafuu kando ya lami,
karafuu hadi kwenye ngazi za kanisa,
maana Padri Anselmi hajui kumkatalia mtu.

Nampima mjukuu wake. Kilo nne na robo.
Amekidaka kidole kile kile, anakinyonya, pete na yote,
na humu ndani ni yeye tu asiyeniuliza kitu.

"Kwetu sisi ndoa ni nusu ya dini," anasema Bi Raya.
"Na wewe, mwanangu, mchana kutwa uko kwenye dini,
nusu umeitupa. Huo mzigo hauendi upande?"

Majibu ninayo. Tulifundishwa unovisi,
miaka miwili, kwenye daftari la mistari:
Paulo hakuoa, akatamani wengi wawe kama yeye;
Petro alikuwa na mama mkwe, mwenye homa,
akaponywa, akainuka, akapakua chakula.
Nikamuuliza mlezi: na mke wa Petro je?
Siku mumewe alipoziacha nyavu pwani,
nani alizikunja?
"Koleta," akasema, "andika."

Mama yangu, kule Machui, hakuuliza.
Alitoa doti ya kanga aliyoiweka sandukuni
tangu nina miaka tisa, akaikata katikati.
Kipande kimoja kwa mdogo wangu Felisia, siku ya harusi.
Kimoja kwangu. "Chako cha kujifunikia," akasema.
Mpaka leo sijui kama ilikuwa baraka.

Felisia ana watoto watano na mume anayekoroma.
Hunipigia simu usiku, yuko jikoni, ananong'ona:
"Dada, kweli una chumba chako peke yako?"
Ninacho, namwambia. Kina kitanda, msalaba, ndoo,
na saa nane ya usiku isiyotaka kwisha.
Halafu hatusemi kitu, kila mmoja
anaisikiliza nyumba ya mwenzake.

Sisemi kwamba sikumpenda mtu.
Alikuwa seremala.
Nikienda Unguja, pale Minara Miwili,
napiga goti juu ya mbao alizozipiga randa,
na ni laini.

"Mvua!"
Mtu kapiga ukelele kutoka barabarani.
Nikampa mama mtu mtoto wake, nikatoka mbio,
shela limenikaa shingoni,
mimi ncha hii ya jamvi, Bi Raya ncha ile,
tukakunja, tukaburura, tukamwaga nusu,
tukarudi kuzizoa kwa viganja.

Chini ya upenu anahema, anacheka,
anafungua mkono: kikonyo kibichi, vichwa vyekundu vimefumba.
"Hii twaichuma kabla haijachanua.
Ikishachanua, haina bei."
Nikanyamaza. Nilidhani ndiyo basi.
"Ile tuliyoisahau juu, ikachanua, ikazaa,
ndiyo mbegu. Ndiyo tunayopanda."
Akanitazama kuanzia shela hadi kandambili.
"Mimi nimezaa tisa, Sista.
Wewe unanukia."

Sikumwambia kwamba karafuu
haijisikii harufu yake.
Sikumwambia kuhusu saa nane.
Nilirudi ndani na matope miguuni,
nikaandika kwenye kadi: kilo nne na robo,
anaendelea vizuri,
na karatasi ikabaki na alama ya kidole.

Bi Raya yuko mlangoni, anakamua ushungi wake.
"Lakini mume," anasema, "hata barua haleti?"