Kipande cha Ghorofa ya Nne

Zabrze haina bahari.
Bahari huletwa kwa gunia hadi ghorofa ya pili,
kilo ishirini na tano za chumvi
begani kwa mzee aliyechimba makaa miaka ishirini na sita,
ambaye bado hukohoa weusi asubuhi za baridi.
Huikoroga kwenye ndoo, huipima,
huiacha ilale usiku kucha kama unga wa maandazi.

Leo Jumamosi. Bogumił anakata.

Glavu za njano, zile za kuoshea vyombo.
Wembe mpya, maana wembe butu hurarua,
na kilichoraruliwa huoza.
Uyoga, ndivyo anavyoliita tumbawe lake,
pana kama sahani, rangi ya chai ya maziwa.
Analigusa, linajikunja, linakuwa ngumi.
Ute unamwagika. Harufu ya kabichi
iliyosahauliwa sufuriani tangu Jumanne.
Halszka, mkewe, anafungua dirisha bila neno,
theluji inachungulia,
analifunga.

"Halilii?" anauliza Tymon wa ghorofa ya nne,
miaka kumi, kidevu juu ya ukingo wa meza.
"Lina midomo mia nane," anajibu mzee,
"na yote ni ya kulia."
Mtoto anawaza: kulia kupi?

Kisha kazi ya mshonaji.
Kipande cha ukubwa wa kidole gumba,
jiwe, sindano, uzi wa nailoni,
mshono mmoja tu, mlegevu,
kwa kuwa gundi haishiki penye ute
na mpira ukikaza hukata mara ya pili.
Hili si rando la kiazi,
ulidunge udongoni ukaenda zako.
Hili hutaka mkondo upite juu yake, usio na hasira,
ukioshe kidonda mpaka kisahau.

Siku tisa limefumba.
Ya kumi likavaa ngozi ya nta.
Ya kumi na moja likaivua.
Ya kumi na nne Tymon akalibeba
ndani ya mtungi wa matango ya siki,
ngazi kwa ngazi,
kama aliyebeba usingizi wa mtu mwingine.
Tangi lake: lita ishirini. Taa: ya kusomea.

Januari barafu ikakata nyaya.

Saa thelathini.
Bogumił aliyavika maji mablanketi,
akakoroga lita mia nne kwa kikombe,
kofia ya mgodini kichwani, taa yake ikiwaka.
Giza alilijua. Lakini giza la kule chini
lilikuwa na joto.
Halszka alishika zamu ya alfajiri.
Samaki wawili walipanda kutafuta pumzi,
wakashuka ubavuubavu.
Chupa za maji ya moto, kwa bahari kubwa kiasi kile,
zilikuwa salamu tu.
Uyoga ukalegea, ukayeyuka, ukawa uji.

Wiki nzima hakusafisha.
Aliketi mbele ya kioo
akitazama kiti alichokalia.

Hakuna aliyemwambia kuhusu ghorofa ya nne:
jiko la gesi, sufuria,
chupa mbili kila saa ubavuni mwa lita ishirini,
na mtoto anayepuliza hewa majini
kwa mrija wa juisi
hadi masikio yakavuma.

Mwisho wa Februari mtu alibisha hodi.
Mtungi ule ule.
Ndani, kipande cha kipande,
kimeshonwa kwa uzi mwekundu,
mshono mbovu, umerudiwa mara tatu.
"Nilikata viwili," Tymon alisema. "Kimoja kilioza."

Bogumił alitafuta glavu, hakuziona.
Akaingiza mikono mitupu.
Maji yalikuwa nyuzi ishirini na tano,
na jiwe jipya lilikuwa limeshakaa pale,
tupu, tangu lini Halszka hakusema.

Vidomo vitatu vilifunguka kabla ya chakula cha usiku.
Mtoto alikuwa bado amesimama mlangoni.
"Nini tena?"
"Mtungi," alisema. "Mama anautaka."