Safu ya Kulia

Eldridge wa nyumba ya pili akiuliza, "Imekugharimu ngapi?"
Garnet humtajia bei iliyobandikwa kwenye sanduku:
dola elfu moja mia tisa, usafirishaji bure.
Mimi huendelea kumenya viazi.
Miaka thelathini na mmoja nilitunza vitabu vya kiwanda cha samaki;
naijua namba iliyovaa nguo za kanisani.

Sanduku lilifika Februari, refu, jembamba,
barafu ingali imeikaba Ghuba ya Mahone.
Ndani, plaiwudi laini kama biskuti,
waya wa shaba, gundi makopo mawili,
na kijitabu chenye picha ya kijana anayecheka.
Hakuna ukurasa uliotaja vibanio.
Vibanio arobaini na vinne. Nimeandika.
Glavu, paketi sita. Msasa, sijui tena;
msasa huliwa kama mkate.
Barakoa ya kuzuia mvuke, baada ya usiku ule alipotoka gereji
akiniita kwa jina la dada yangu.
Hita mbili, maana gundi haikauki kwenye baridi,
na bili ya umeme ya Machi, niliyoisoma nimekaa.
Gari lililala nje miezi mitano:
betri moja, kioo kimoja,
na ufagio wa theluji uliovunjikia mkononi mwangu.
Suruali tatu zinazosimama zenyewe bila mtu.
Sufuria yangu ya jemu. Hiyo sikuiwekea bei,
niliandika tu: sufuria yangu ya jemu.

Kisha kuna safu ya kulia, ambayo wakaguzi hawaifikii.

Mbao hizi hushonwa kabla ya kugundishwa,
tundu kwa tundu, waya unapita, koleo linausokota.
Usiku wa tatu nilisikia koleo likianguka.
Likaokotwa. Likaanguka.
Nikavaa koti juu ya nguo ya kulalia, nikaenda.
Alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia
kama mtoto aliyekalia kitu alichoiba.
"Tangu lini?"
"Tangu Krismasi."
Nikachukua koleo.

Nilishona toka omo hadi tezi,
mishono mia tatu na kumi na miwili,
yeye akinisomea kijitabu, akisema niko taratibu mno,
nami nikimwambia anyamaze, ashike taa.
Taa ilitetemeka.
Kivuli cha kayaki kikaogelea ukutani
miezi mitatu kabla ya kayaki yenyewe.

Safari za Halifaksi kwa daktari: nne.
Petroli, maegesho,
supu mbaya ya hospitali, bakuli mbili.
Leota alipiga simu kutoka Alberta: "Iuzeni hivyo hivyo, mama."
Nikamwambia bado tabaka tatu za vanishi.
"Nne," akasema Garnet kutoka chumba cha pili.

Julai tukaiteremsha.
Ina tundu moja tu la kukalia.
Tulilitazama kwa muda, kana kwamba
hatukulijua tangu siku ya kwanza.
Kisha akaniletea jaketi la kuokolea, dola tisini,
akanivisha, akapigana na kifungo,
kifungo kikamshinda, akapigana nacho tena.
Sikumsaidia.
Hiyo nayo ni gharama, na iandikwe.

Mimi sijawahi kutaka kayaki.
Wahenga husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani;
chombo hiki hakina ngama, kina miguu yangu tu,
na bahari iko upande wa pili
wa ubao wa milimita nne nilioushona mwenyewe.
Nikapiga kasia kushoto. Kikaenda kulia.
Nikacheka kwa sauti, peke yangu, mwanamke wa miaka sitini na nane.

Nilipogeuka, Garnet alikuwa ufukweni
ameshika kamba isiyofungwa popote,
na Eldridge kando yake, mikono mfukoni, akiuliza.
Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwao.
Sikuisikia namba aliyoitaja.