Kisanduku cha Kumi na Saba

Fomu ina visanduku ishirini na viwili.
Cha tisa kinauliza bei ya gari la umeme.
Cha kumi na saba kinauliza mapato ya nyumba.
Kazi yangu ni kuvisoma hivyo viwili,
ghorofa ya nne, Sacramento, dirisha lisilofunguka,
kisha kugonga muhuri: alipwe, asilipwe.

Mwaka jana kikomo kilikuwa bei.
Gari likifika dola elfu hamsini, ruzuku hakuna.
Ikaja fomu kutoka kwa muuzaji mmoja wa Walnut Creek:
elfu arobaini na tisa, mia tisa tisini na tisa.
Na risiti ya pili, ya tarehe ile ile:
paa la kioo, elfu sita; viti vya ngozi, elfu nne;
kana kwamba kuna mtu hununua paa peke yake
akalibeba kwapani hadi nyumbani.
Nikagonga. Sheria haikuuliza habari za paa.
Kila uzio una tundu,
na kila tundu lina mwenye kulijua.

Mwaka huu wakasema: tuache gari, tumtazame mtu.
Nilifurahi, sifichi.
Nilidhani mtu husomeka kuliko gari.

Akaja Ofelia Barragán wa Tulare,
muuguzi wa wagonjwa wasiotoka vitandani,
maili tisini na nne kila siku
kwa gari linalokohoa kuliko wagonjwa wake.
Mwanawe wa kati hulala na dawa ya pumu chini ya mto.
Mumewe, Eliseo, msimu wa kuvuna lozi,
alifanya kazi ya ziada usiku kumi na tisa,
vumbi mpaka kwenye kope,
na jasho lile likawavusha kikomo
kwa dola mia mbili na kumi na mbili.
Asilipwe.

Chini yake, kwenye rundo lile lile,
Bwana Whitcomb Ayers wa Los Gatos.
Mapato: elfu kumi na nane.
Amestaafu. Nyumba zake tatu hazina kisanduku.
Hisa zake zimelala, na hisa zilizolala hazihesabiwi,
kama mtoto aliyelala asivyopakuliwa chakula.
Hakudanganya hata herufi moja.
Alipwe.

Mchana, mezani, Mai Yer akasema turudi kwenye bei:
gari halina mume wa kazi za ziada.
Desmond akasema tung'oe vikomo vyote,
moshi hauulizi mshahara wa mtu,
tajiri akiacha petroli nayo ni petroli iliyoachwa.
Wote wawili walikuwa na haki,
na supu yangu ikapoa.

Mimi, kama wangeniuliza, na hawaniulizi,
ningefuta vyote viwili niandike swali moja:
unaacha gari gani, na lilikuwa likienda wapi?

Saa tisa Ofelia akapiga simu.
Hakufoka. Angefoka ningejua la kusema,
tuna karatasi ya majibu kwa wanaofoka.
Aliuliza tu: "Ningejua, ningemwambia alale.
Hebu nipigie hesabu, alale usiku mangapi?"

Nikapiga hesabu. Nilikuwa na kikokotoo mkononi.
Usiku mmoja na nusu.
"Miwili," nikamwambia, "ili uwe salama."
Akanishukuru.
Nasikia bado alivyonishukuru.

Kisanduku cha ishirini na mbili kimeandikwa:
kwa matumizi ya ofisi tu.
Miaka sita sijaona kikitumika.
Jioni nilichukua penseli, kwenye fomu yake nikaandika
maili tisini na nne,
nikalitazama neno likikaa mle peke yake,
nikalifuta, kwa kuwa nina kodi ya nyumba nami.

Kesho mashine itapitisha karatasi ile kwenye mwanga
na kuandika katika kumbukumbu:
doa.