Chaki

Kwa hesabu yetu, tunaoanza siku jua likichomoza,
wino ulimwagika saa kumi na moja, alfajiri,
ndani ya behewa la treni, msituni.
Kwa hesabu yao, wanaoanza siku usiku wa manane,
bunduki zilinyamaza saa kumi na moja,
jua limeshapanda, ukungu unaanza kuuachia mto Meuse.
Kumi na moja na kumi na moja:
asikiaye kwa mbali atadhani ni saa ile ile.
Katikati yake kuna saa sita.
Katikati yake yumo Anselme.

Alikuwa mwokaji, mwana wa mwokaji.
Jeshini walimpa mbao abebe, wajenge daraja
la kuvukia kwenda kuwaua watu
ambao baada ya chakula cha mchana wasingekuwa adui.
Saa nne na robo. Ubao begani.
Aliyempiga hakumwona vizuri kwa ukungu;
pengine naye alikuwa akitazama saa yake.

Amani ilikuwa imeshatiwa saini.
Ilikuwa njiani, kwa waya, kwa baiskeli, kwa farasi,
ikipumzika kila kituo
kama mgeni aliyekwisha kula huko atokako.

Kengele ilipolia, Honorine alikuwa akikanda unga.
Alitoka mbio, mikono myeupe hadi viwikoni,
akamkumbatia muuza makaa, akamkumbatia padri,
kila mmoja akamwachia vidole kumi mgongoni.
Akacheza.
Hilo ndilo hakujisamehe: kwamba alicheza,
na mwanawe keshalazwa juu ya mbao zake.

Jiwe lilisimamishwa miaka mitatu baadaye.
Majina kumi na tisa, kwa kijiji cha nyumba arobaini.
Kwa Anselme wakachonga: 10 Novemba.
Serikali iliona haya kumuua mtu siku ya amani,
ikamuua jana yake.

"Tarehe kumi jioni aliniandikia," Honorine alimwambia meya,
akaifungua barua palepale, kwenye manyunyu.
Anaomba soksi. Anauliza kama paka amezaa.
"Maiti haulizi habari za paka."
Meya akakohoa.
Jiwe, alisema, limeshalipiwa.

Basi kila mwaka, watu wakija saa tano
na tarumbeta, na maua, na watoto waliochanwa nywele kwa maji,
yeye ameshakuja, ameshaondoka.
Saa nne na robo, na kipande cha chaki alichoomba shuleni,
huipasua sifuri katikati:
mstari mmoja, wima, wa mkono uliozoea kuchanja mikate.
Mvua ya Novemba haina deni na mtu.
Kufikia jioni sifuri imerudi,
wazi, kama mdomo wa tanuri iliyozimwa.

Honorine amelala zamani, upande wa ukuta usiopata jua.
Duka la mikate sasa linauza simu.
Paka, kama alizaa, hakuna aliyeandika.

Mwaka huu, kabla ya tarumbeta,
mfagiaji wa manispaa alikuta sifuri ina mstari mweupe,
unga wake bado haujapeperuka.
Akatazama huku na huku. Hakuna mtu.
Akaegemeza ufagio, akavua kofia,
akaangalia saa.
Wingu lilikuwa limeshafika juu ya mto.