Yasiyotokea

Baba alikuwa kocha msaidizi, wa ulinzi.
Miaka thelathini na minne, vyuo kumi na kimoja,
na jina lake mlangoni halikuandikwa kwa rangi hata mara moja.
Lilibandikwa kwa gundi.
Kila mtu alijua litabanduliwa.

Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa umbo la yai,
ukidunda haujui uendako.
Washambuliaji huukumbatia, hukimbia nao, hupigiwa tarumbeta.
Kazi ya baba ilikuwa jambo lisitokee.
Akiifanya vyema, hakuna kilichotokea,
na nani hupiga picha ya hakuna?

Nimeijua Marekani kwa harufu za nyumba za kupanga.
Muncie ilinuka gesi. Ruston, misonobari na kuvu ukutani.
Pittsburg ya Kansas, ile isiyo na h mwishoni,
ilinuka mbwa wa mpangaji aliyetutangulia.

Usiku alishuka chumba cha chini na projekta yake,
akirudisha nyuma, akipeleka mbele, akirudisha nyuma
kijana mmoja wa Ohio aliyeinama kwenye nyasi.
"Darla, njoo uone." Nilikuwa na miaka tisa.
"Usitazame mpira. Tazama kucha zake.
Zikipauka, uzito umelala mbele: watapita humu humu.
Zikiwa na damu, amekaa nyuma: watarusha.
Mdomo hudanganya. Kucha hazijui."

Jumamosi ile theluji ilikuwa nyepesi kama unga wa kuchekecha.
Jaribio la nne. Yadi moja. Sekunde sita.
Lavonte Guidry, mlinzi wa katikati, mtoto wa fundi bomba,
akatazama kucha,
akaruka juu ya rundo kabla rundo halijawa rundo.
Hakuna kilichotokea.
Uwanja mzima ukapiga mayowe kwa hicho hakuna.

Gazetini, kocha mkuu amebebwa mabegani.
Kiwiko kile cha kushoto, chenye kiraka, ni cha baba.

Mama hakuhitaji projekta. Alitazama kijiko.
Baba akikoroga kahawa asiyotia sukari,
mama alikwenda nyuma ya duka la vyakula kuomba maboksi.
Simu ilikuja baada ya siku mbili, au tatu.
Unga wa kocha mkuu ukimwagika,
humwagika na wa wote waliokula meza yake.
Tukafungasha virago. Boksi moja la sahani
lilipita miji mitatu halijafunguliwa.

Mara moja tu aliitwa kuhojiwa, awe kocha mkuu.
Alinunua tai. Ninayo bado, na bei yake.

Ruston, mwaka wa mwisho, niliona vidole vya mama
kwenye ukingo wa sinki.
Kucha zilikuwa nyeupe.
Nikageuka kumtazama baba.
Baba alikuwa anatazama Ohio.

Kansas tulikwenda wawili.

Leo ana miaka themanini na moja, goti moja ni chuma.
Kiti chake kinatazama dirisha, dirisha linatazama maegesho.
Guidry, siku hizi fundi wa lifti Shreveport,
humpigia simu kila Novemba. Hawataji mchezo hata kidogo.
Huzungumzia bei ya dizeli, na figo za Guidry.

Baba hataki kushikwa.
Akitaka kusimama hasemi,
kana kwamba mimi ndiye timu ya pili.
Basi naosha vikombe, jicho langu likiwa
kwenye mbao za kiti, pale anapoegemeza mikono.

Zinapauka.

Nafika kabla rundo halijawa rundo,
bega langu chini ya kwapa lake, kama kwa bahati,
kitambaa cha vyombo kingali mkononi.
"Wewe ulikuwa unakwenda wapi?" ananiuliza.
"Nilikuwa napita," nasema.

Hakuna kilichotokea.