Safu Isiyo na Jina

Nimetoka Upper Hill na hotuba ya kurasa sita,
viatu vyangu vimemeza vumbi la Kariobangi.
Nikaandika ubaoni: MTAJI.
Chaki ikakatika.

Kwamboka, soksi moja imelegea,
akanifungulia daftari la hesabu za mamake:
omena, mafuta, makaa, kanjo mia mbili,
na safu moja haina jina.
"Hii ni ya nini?"
"Ya wanaokula leo, walipe Mungu akijalia."

Miaka kumi na minne nakagua vitabu vya benki,
safu hiyo sijawahi kuiona.

Nikaikunja ile hotuba,
nikaisukuma chini ya mguu wa dawati linaloyumba.
"Tuanze hapo. Wangapi hulipa?"

Akahesabu kwa vidole;
vikamwishia,
akaazima vyangu.